Laki Tatu za Ukutani

Ami yangu anajenga Makadara, Mombasa. Ghorofa nne, maduka mawili chini, fleti juu, na ukuta wa mbele unaotazama barabara. Alinipigia simu baada ya Alasiri. Nikamwamkia, akaitikia upesi upesi, hata hakuningoja nimuulize habari ya goti lake.

"Mwanangu," akasema, "nimejinyima hapa na pale nikabakiwa na laki tatu. Sitaki nyumba yangu iwe kama boksi la sabuni. Nataka mtu akipita aseme mashallah. Nizitie wapi?"

Nyumba yenyewe gharama yake inakaribia milioni thelathini, kwa hiyo laki tatu ni asilimia moja. Ami hakujua kwamba ameangukia kipimo kinachojulikana mbali. Ufaransa ilianza mwaka 1951 kutenga asilimia moja ya gharama za kujenga shule kwa kazi ya sanaa iliyo sehemu ya jengo lenyewe, na mji wa Philadelphia, Marekani, ukatunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 1959. Huko pesa ni za serikali. Za ami ni za mfukoni, tena mfuko wa mtu aliyestaafu, na zikipotea hakuna kamati ya kulaumu.

Nikamwomba wiki mbili. Nikazunguka na futi ya kupimia, nikakaa na mafundi, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Bei nitakazotaja humu ni za kupigia hesabu tu, nimezichagua zigawanyike kwa urahisi. Fundi wako atakuwa na zake leo, na baada ya masika atakuwa na nyingine. Shika namna ya kupiga hesabu, kisha tia nambari zako.

Kila fundi atakupa bei ya siku ya kwanza, na hiyo ndiyo bei inayodanganya kuliko zote. Kuna kazi mbili za kuifanyia kabla hujaitikia. Ya kwanza ni kutoa. Mlango ungeununua hata kama hukuwa na haja ya nakshi. Kama mlango mtupu ni 40,000 na wa nakshi ni 240,000, basi sanaa yako ni laki mbili, si laki mbili na arubaini. Ukuta nao ungeupaka rangi hata hivyo. Dirisha la ngazi ungelitia grili hata hivyo. Pambo linalochukua nafasi ya kitu ambacho ungekinunua lina nafuu yake mwanzo. Pambo la kubandikwa juu ya kitu kilichokamilika halina cha kutoa, unalilipa lote.

Kazi ya pili ni kugawanya. Gawanya kilichobaki kwa miaka itakayopita kabla hujapandisha tena watu na jukwaa. Hapa Mombasa miaka hiyo ni michache kuliko inavyoandikwa kwenye makopo ya rangi. Kusi ikivuma inaleta chumvi, kaskazi ikivuma inaleta chumvi. Kisiwa hakina upande usio na bahari. Juu ya hilo kuna jua, na kuna masika inayokuta ufa mdogo ikauacha mkubwa.

Kuna na jambo la tatu, ambalo si hesabu ila ni macho: upana wa njia. Kiserikali, Mji wa Kale na Makadara ni wadi moja, jina limeandikwa pamoja kwa mkwaju katikati. Lakini kwa mtu anayetaka kupamba nyumba hizo ni nchi mbili. Ukiwa kwenye uchochoro wa Mji wa Kale, hatua tatu ukuta hadi ukuta, huwezi kuiona ghorofa ya tatu hata ukivunja shingo. Unaloliona ni mlango ulio sawa na uso wako, baraza iliyo sawa na goti lako, na ukiinua macho, tumbo la roshani pamoja na mikono ya mbao inayoibeba. Waliojenga Ndia Kuu walilijua hilo. Nakshi zao ziko pale jicho linapofika, na kwingine kote ni chokaa nyeupe. Ukija upande wa uwanja wa Makadara, au ukikaribia Digo Road, njia inapanuka, mtu anaiona nyumba nzima akiwa mbali, na hapo ukuta mpana unaanza kuwa na faida. Nyumba ya ami iko katikati ya hali hizo mbili: barabara inapitisha gari na tuktuk, lakini mtu wa ng'ambo hayuko mbali. Nilisimama pale asubuhi nikiwatazama wapitao. Hakuna aliyeinua macho kupita ghorofa ya kwanza, ila mtoto mmoja aliyekuwa akitafuta tiara yake.

Tuanze na kitu ambacho vijana wote wa mtaani walimshauri: mchoro wa rangi ukuta mzima. Ukuta ni mita 12 kwa 13, yaani mita za mraba 156. Ukiondoa madirisha na veranda unabakiwa na kama mia moja. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita kumi za mraba kwa mkono mmoja, kwa hivyo mikono miwili ni lita ishirini. Ndoo moja! Ongeza praima chini, rangi za kuchorea, na koti la kulinda juu, bado rangi haitakufilisi. Unamlipa mtu, na unalipa jukwaa la kumbeba. Mita mia moja za mraba ni futi za mraba 1,076. Tuseme msanii anataka 200 kwa futi: hiyo ni 215,200. Jukwaa tuseme 60,000. Jumla 275,200, na ami anabakiwa na pesa ya kahawa na kashata.

Sasa toa. Kupaka ukuta huohuo rangi ya kawaida, pamoja na jukwaa lake, tuseme ni 110,200. Sanaa ni 165,000. Kisha gawanya. Mimi, kwa ukuta unaopigwa jua la mchana hapa kisiwani, siuhesabii mchoro zaidi ya miaka mitano kabla rangi nyekundu haijawa ya waridi na ya waridi haijawa ya vumbi. Hiyo ni 33,000 kwa mwaka, na mwaka wa sita unaanza upya. Msanii aliyejiandikisha kodi ataongeza VAT ya asilimia 16, kwa hivyo uliza mapema kama bei ni pamoja nayo. Uliza pia nani atarudi kurekebisha fundi wa bomba atakapotoboa uso wa ukuta, maana atatoboa.

Mchoro ulio ndani ya jengo ni habari nyingine kabisa. Mchoraji Elimo Njau alichora kuta za kanisa kuu la Murang'a mwaka 1959, akamchora Kristo mweusi kati ya milima na mashamba ya Wagikuyu, na picha hizo zipo hadi leo. Paa limezikinga. Kama ami angekuwa na ukumbi wa kuingilia wenye ukuta mpana, ningemwambia amchukue msanii yuleyule, ampe sehemu ya kumi ya eneo, na kazi ingeishi miaka mingi kuliko ya nje. Jukwaa lingekuwa meza na kiti.

Halafu kuna gharama zisizotiwa kwenye bei ya msanii. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza wenye majengo mjini wayapake rangi nyeupe na kingo za buluu. Wengine walilalamika kuhusu bei ya rangi, wengine kuhusu uhuru wa mtu na ukuta wake. Mimi lililonichekesha ni jingine: leso ya Biashara Street ina mji wake katikati na pindo lake, na hakuna mwanamke wa Mombasa anayekubali kuvaa leso sare na mtaa mzima isipokuwa kuna arusi. Lakini agizo ni agizo. Kabla hujamlipa msanii kitangulizi, peleka mchoro wa karatasi kaunti upate jibu la maandishi. Na ukimruhusu mwenye duka la chini achangie gharama kwa sharti jina la bidhaa yake liwemo, ujue mchoro umeshageuka tangazo, na tangazo lina ada yake ya kila mwaka. Mchango wa mara moja dhidi ya ada ya kila mwaka si biashara, ni mtego.

Gharama ya mwisho ya mchoro ni majirani. Makadara ina misikiti pande zote. Sura ya mtu ya mita tano ukutani itakuletea wazee mlangoni, na aya iliyoandikwa chini, ambapo maji machafu ya tuktuk yanaruka, itawaleta haraka zaidi. Anayechora mtaa huu hushika maua, mawimbi, jahazi, nyota za pembe nane, au hati za Kiarabu zisizo aya na zilizo juu. Nimeona mchoro mzuri ukipakwa chokaa ndani ya wiki mbili kwa sababu hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwa jirani kabla ya kuanza. Kubisha hodi ni bure.

Chuma kinanigusa mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliweka nyumbani kwetu pazia la chuma lililokatwa kwa mashine ya leza, mbele ya dirisha la ngazi. Nyota juu ya nyota, kivuli chake kikianguka kwenye vidato kama zulia. Nililipenda kama mtoto. Karakana iliyonitengenezea iliniapia kwamba rangi yake imeokwa na haitoki. Rangi kweli haikutoka usoni. Kutu iliingilia kwenye kingo za matundu, pale mashine ilipokata, ambapo rangi hukaa nyembamba, na pazia lenye nyota mia tatu lina kingo nyingi kuliko uso. Mwaka wa tatu ukuta mweupe chini yake ulikuwa na michirizi ya rangi ya chai. Mwaka wa nne nililiteremsha.

Hesabu yake iko hivi. Grili ya kawaida tuseme 45,000, pazia la chuma 150,000. Tofauti 105,000, gawanya kwa miaka minne, 26,250 kwa mwaka, na ukuta unaupaka upya kwa gharama yako. Pazia hilohilo kwa alumini tuseme 230,000. Tofauti 185,000, lakini ukilihesabia miaka 25, na sioni kwa nini usilihesabie, ni 7,400 kwa mwaka. Ghali siku ya kwanza, rahisi mara tatu na nusu siku zote nyingine. Anayetaka ushahidi wa alumini katika hewa yetu aende Moi Avenue akazitazame pembe za ndovu. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza, ufalme ukaondoka, pembe zimebaki. Zimepakwa rangi mara kadhaa, ndiyo, lakini hazijateremshwa kwa kuliwa na kutu.

Tahadhari moja kwa mnunuzi wa alumini: skrubu. Bamba la alumini likifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, kwenye hewa ya chumvi metali hizo mbili hulana pale zinapogusana. Dai skrubu za stenlesi na vipande vya plastiki kati yake, na viandikwe kwenye risiti kwa jina. Fundi akicheka, tafuta mwingine.

Matofali ya matundu, yale ya saruji yenye ua katikati, yaliyojaa kwenye ngazi za majumba ya miaka ya hamsini na sitini, nitayapitia haraka kwa sababu hayana ubishi. Yanashika nafasi ya ukuta na dirisha kwa pamoja. Ngazi ya ami ina uwazi wa mita mbili kwa tisa. Ukijumlisha tofali, fundi na chuma cha kushikilia, kisha ukitoa ukuta na madirisha ambayo ungejenga, unabakiwa na tofauti ya, tuseme, 30,000. Kwa miaka arubaini ni 750 kwa mwaka. Ngazi inapata upepo na haina haja ya taa mchana. Ubaya wake ni mvua ya kusi inayoingia upande, na kunguru. Nunua tofali lililotengenezwa kwa mchanga wa mto. Ukilamba likiwa na chumvi, lirudishe. Nimesema ulilambe, na sitanii.

Nakshi za plasta nazo zimegawanyika mara mbili siku hizi. Kuna za mkono, fundi anakata chokaa ikiwa bado mbichi, na kuna zile za povu jeupe lililofunikwa saruji nyembamba, zinazonunuliwa kwa mita na kubandikwa kwa gundi: matao, taji, pindo za madirisha. Za povu ni rahisi ajabu na kwa mbali zinapendeza. Lakini hazina cha kutoa, maana hakuna kitu zinachokibadili, na ganda lake likipata ufa maji yanakaa ndani. Zikianza kuanguka zinaanguka barabarani, juu ya watu. Kwenye ghorofa ya nne sizitaki hata kwa zawadi.

Mwenye nyumba ya zamani Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, asome hapa mara mbili. Usikubali mtu akupambie ukuta huo kwa plasta ya saruji. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huviacha vitoke. Saruji huvifungia ndani, chumvi hukua nyuma ya plasta kama mbegu, na baada ya misimu michache pambo lako linabambuka pamoja na kipande cha jiwe. Chokaa inachukua muda mrefu kukauka, fundi wake haonekani kila kona, na bei yake ya siku ya kwanza ni kubwa zaidi. Lipa. Halafu katika eneo la uhifadhi hutakiwi kugusa uso wa nyumba kabla ya kuzungumza na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Wengi huiona ofisi hiyo kama kizuizi. Mimi naihesabu kwenye faida, kwa sababu watakaokukataza saruji wamekuokolea pesa.

Sasa mlango, na hapa nitakaa kidogo.

Mlango wa nakshi ni kitu ambacho Mombasa, Lamu na Unguja tuna ushahidi wake wa zaidi ya miaka mia, uko njiani, unafunguliwa kila siku. Hesabu niliyoanza nayo, tofauti ya laki mbili, ukiigawanya kwa miaka hamsini tu ni 4,000 kwa mwaka. Weka 6,000 nyingine za kuusafisha na kuupaka mafuta kabla ya masika. Elfu kumi. Ni chini ya theluthi moja ya mchoro wa ukutani, na anauona kila anayepita, si anayeinua macho tu.

Ila laki mbili na arubaini hazinunui mlango wowote. Zinanunua siku za mchongaji. Fundi akidai 2,500 kwa siku na mbao pamoja na shaba zikamaliza laki moja, umebakiwa na 140,000, yaani siku 56. Siku hizo hazitoshi kujaza mlango mzima nakshi za kina, miimo, kizingiti cha juu, mfaa wa katikati na mbao zote mbili. Zinatosha kuchonga vizuri sehemu mbili. Makosa ya watu wengi ni kumlazimisha fundi ajaze kila mahali, naye kwa kuwahi siku anachonga kijuujuu, nakshi ya kina cha ukucha. Nakshi ni kivuli. Jua letu la mchana liko utosini. Nakshi isiyo na kina haina kivuli, na isiyo na kivuli kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara ni ubao mtupu. Nilimwambia ami: chonga kizingiti cha juu na mfaa, kina cha kutosha kuzamisha ncha ya kidole, acha mbao zote mbili ziwe wazi na misumari ya shaba kwa safu. Milango mingi ya zamani iliyo tulivu ndivyo ilivyo, na inapendeza kuliko iliyojaa.

Mbao nazo zina siasa. Msaji na mbambakofi ndizo bora na ndizo ghali. Mvule unaouzwa Mombasa mwingi umevuka mpaka, na bei yake hupanda na barabara. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya umma, iliyowekwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, iliwazoesha wauzaji kusema "mbao hakuna" hata pale zipo. Nenda na mtu anayejua uzito wa ubao kwa mkono. Mbao mbichi inaonekana nzuri siku ya kuipokea, kisha ikikauka mfaa unapinda na mlango unagoma. Usipokee nakshi iliyochongwa kwenye MDF hata ndani ya ukumbi. Unyevu wetu utaivimbisha kama mandazi.

Kuna mashine sasa, inaongozwa na kompyuta, inachonga kwa siku mbili kile ambacho fundi anakifanya kwa mwezi. Bei yake inaweza kuwa nusu. Sina ugomvi nayo kwa kizingiti kilicho juu sana. Lakini ncha yake ni duara, haiwezi kuingia pembeni kwa ukali, kwa hivyo kila jani linaishia kwa mviringo na kila mstari una kina kilekile. Njia ya kati, ambayo mafundi wawili niliozungumza nao walikiri wanaitumia, ni mashine itoe mbao ya ziada na mkono umalize kingo. Ulizia hiyo waziwazi. Ukiambiwa "ni ya mkono yote" na ukaona pembe zote ni duara, una sababu ya kushusha bei.

Na kuna kishawishi cha mlango wa kale. Mtu atakunong'oneza kwamba kuna nyumba inabomolewa, mlango wake ni wa babu zake, anaupeana kwa bei ya mpya. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inauhesabu mlango, au hata fremu, iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kilichohifadhiwa. Kabla hujatoa shilingi, waulize watu wa makavazi. Mlango uliong'olewa bila ruhusa utakugharimu mara mbili, na mara ya pili hutapewa risiti.

Roshani ya mbao ndiyo ami aliyoitamani zaidi, kwa sababu alizaliwa katika nyumba yenye moja. Laki tatu hazifiki. Roshani inabeba watu, kwa hivyo inataka mhandisi, mihimili iliyoingizwa ukutani tangu mwanzo wa ujenzi, na mbao mara nyingi ya mlango. Inataka pia mtu wa kuipanda kila mwaka na brashi. Beit el Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultan Barghash na kuzungukwa na veranda pande zote, lilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, lilikuwa chini ya ukarabati, na wakati huo lilikuwa na dunia nzima ikilitazama. Sisemi roshani ya ami ingeanguka. Nasema kitu kinachoning'inia juu ya barabara kinadai ada hadi mwisho wa maisha yake, na ami ana watoto ambao mmoja yuko Muscat, mwingine Birmingham, na wote wawili hawapendi brashi.

Kwa hiyo nilimpelekea karatasi moja. Mlango, mbao ya mvule, nakshi ya mkono mahali pawili: tofauti 200,000. Matofali ya matundu kwenye ngazi: 30,000. Ukuta wa juu mweupe, pindo la buluu, kama kaunti ilivyotaka, hauna ziada. Zimebaki 70,000, na nikamwandikia baraza: jumla ya mita nane za benchi la mawe chini ya ukuta wa mbele, pande mbili za mlango, plasta laini, mgongo wenye safu moja ya nakshi za nyota, na mteremko mdogo maji yasitulie. Kitu kama hicho kikipakwa chokaa kila Shaabani kinaishi kuliko mwenyewe.

Akanipigia.

"Baraza? Nimekuomba urembo, unanipa mahali pa watu kukaa wakanisengenya?"

Nikamwambia, ami, ndiyo sanaa pekee kwenye karatasi hiyo ambayo mtu atakaa juu yake. Akanyamaza. Kisha akauliza urefu kutoka chini uwe inchi ngapi, maana goti lake halipendi kukunjwa sana. Nikamwambia kumi na nane. Akasema ishirini.

Zimejengwa ishirini. Mlango haujafika, fundi bado yuko kwenye kizingiti, amekichora kwa penseli tu, na nimeona ameanza kuchora mnyororo pembeni ambao hatukukubaliana. Nitakwenda kumwona Jumamosi. Matofali ya ngazi yamepanda hadi ghorofa ya pili. Yaliyorudishwa kwa ajili ya chumvi ni kumi na manne. Baraza iliwekwa plasta Jumatatu, wakaifunika magunia yenye maji ili isikauke haraka, na Jumanne Magharibi, juu ya magunia hayohayo mabichi, walikuwa wamekwisha kukaa wazee wawili na muuza kahawa, dele lake limewekwa kati yao.